Anataka kununua simulizi zangu zote kwa laki tatu, nimuuzie?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dada wa miaka 29, mkazi wa Mwanga hapa Kigoma, nimeolewa na nina mtoto mmoja. Mchana nafanya kazi kwenye steshenari ya mtu: natoa kopi, naprinti, nachapa barua na CV za watu, napiga picha za pasipoti. Mshahara wangu ni laki moja na nusu kwa mwezi. Usiku mtoto akishalala ndipo naandika simulizi.

Nilianza kwa kuweka vipande vifupi Facebook, watu wakawa wanadai muendelezo. Baadaye nikafungua grupu la WhatsApp. Sehemu kumi za mwanzo natoa bure, anayetaka kufika mwisho analipia elfu mbili kwa simu, namtumia yote. Hadithi zangu ni za huku kwetu: mapenzi ya mvuvi wa Kibirizi na binti wa Ujiji, ugomvi wa mirathi ya shamba la michikichi, msichana aliyepanda meli ya Liemba kwenda Mpulungu akarudi na siri. Nina wasomaji Dar, Mwanza, Mombasa, hata Oman. Simulizi ikikolea naweza kuvuna laki na sabini. Isipokolea naambulia elfu arobaini. Hela yenyewe inaingia kwenye laini ileile ninayonunulia unga na bando, mwisho wa mwezi sijui imekwenda wapi.

Sasa kuna kaka mmoja wa Dar mwenye chaneli ya YouTube ya kusimulia hadithi kwa sauti. Ana wafuasi wengi kweli. Amenitafuta, anasema kalamu yangu imemgusa na atanipa laki tatu kwa simulizi zangu zote sita. Karatasi ya mkataba aliyonitumia ni ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwamba mwandishi "anakabidhi haki zote za kazi zilizotajwa kwa mnunuzi, kwa matumizi yoyote, bila ukomo wa muda". Anataka jibu kabla ya Ijumaa ijayo, maana anasema ana waandishi wengine kwenye foleni. Shangazi, laki tatu ni mshahara wangu wa miezi miwili, na mtoto anaanza chekechea Januari.

Wakati huohuo mtu wa kiwanda cha uchapaji amenipa bei ya kuchapa kitabu, nakala elfu moja kwa milioni tatu. Dada mmoja ambaye tuko naye kikoba kimoja ananiambia nikope nichape, kwa sababu mwandishi asiye na kitabu mkononi hakuna anayemhesabu.

Halafu ndugu na majirani. Risala ya harusi naandika mimi. Shairi la kicheni pati, mimi. Wasifu wa marehemu, mimi. Malipo yangu ni soda. Nikigusia hela naambiwa, "Wewe si umejaliwa kipaji, kwani unapungukiwa nini?" Na mwezi uliopita simulizi yangu moja niliikuta kwenye grupu nisilolijua, jina langu limefutwa, la mtu mwingine limewekwa. Nililia.

Mume wangu si mtu mbaya ila anasema kukesha na simu si kazi, bora nifungue genge. Mama yangu anauza dagaa Kibirizi. Yeye hasemi kitu, ananitazama tu.

Naomba uniambie ukweli. Nimuuzie huyu kaka? Niache steshenari niandike muda wote? Na nikianza kupigia hesabu kila ninachoandika, ile raha inayoniamsha usiku si itakufa?

Msimuliaji wa Mwanga, Kigoma

*

Marahaba, binti yangu.

Usisaini. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa Ijumaa haiko mbali.

Rudi kwenye ile sentensi ya mkataba uisome polepole, neno kwa neno: haki zote, matumizi yoyote, bila ukomo wa muda. Ukishaweka sahihi hapo, akitokea mtu wa filamu anaitaka ile ya msichana wa Liemba, hela itakwenda Dar. Mchapishaji akitaka kuitoa kama kitabu, atazungumza na huyo kaka. Redio ikitaka kuifanya tamthilia, hivyohivyo. Na siku wewe mwenyewe ukitaka kuichapa simulizi uliyoiandika huku mtoto amelala pembeni yako, itabidi ukamwombe ruhusa. Kwa bei gani? Laki tatu ukigawa kwa sita ni elfu hamsini kwa kila moja. Moja tu kati ya hizo, ikikolea, imekuingizia zaidi ya mara tatu ya hiyo bei, tena kwa wasomaji wa mwanzo tu.

Nenda asubuhi moja Kibirizi pale mama yako anapopokea mzigo. Wavuvi wanauza dagaa kila mtumbwi unapotia nanga, na hakuna hata mmoja anayeuza wavu kwa bei ya ndoo. Huyo kaka anataka wavu. Sisemi ni mwizi, huenda naye ni kijana anayehangaika, na karatasi hiyo aliipata kwa mtu mwingine akabadilisha majina. Lakini biashara inaendeshwa kwa kilichoandikwa, na kilichoandikwa hapo kinakumaliza.

Sheria iko upande wako, na nataka uijue vizuri. Hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kazi ni mali yako tangu ulipoiandika, hata kabla ya kuisajili popote, na inabaki kuwa yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kufa. Maana yake huyo mtoto anayeanza chekechea Januari anaweza kuwa mzee mwenye wajukuu, bado anapokea hela ya simulizi zako. Hiyo ndiyo mali unayoombwa uikabidhi kwa ada ya muhula. Sheria hiyohiyo inakupa haki ya kutajwa kuwa ndiwe mtunzi. Kwa hiyo aliyefuta jina lako kwenye lile grupu alikuvunjia haki mbili kwa mpigo.

Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa nchini, si sharti la kuwa na haki, ila siku ya ugomvi cheti kinasaidia sana kuonyesha nani aliandika nini na lini. Sajili hata zile mbili zinazopendwa zaidi, uanze nazo. Na rasimu zako usizifute. Jitumie kwa baruapepe kila unapomaliza sehemu, tarehe ikae hapo.

Jambo ambalo waandishi wengi chipukizi hawaambiwi ni kwamba haki ya simulizi inakatika vipande. Kuna haki ya kuisoma kwa sauti, ya kuichapa kitabu, ya kuitafsiri, ya kuigeuza filamu, ya kuitangaza redioni. Kila kipande unaweza kukikodisha peke yake, kwa mtu tofauti, kwa lugha fulani, kwa muda fulani. Muda ukiisha, kinarudi kwako. Huyo kaka anahitaji kipande kimoja tu, sauti ya Kiswahili kwenye chaneli yake. Mkodishie hicho. Vingine havimhusu.

Usidhani hayo ni mambo ya Ulaya. Ben Mtobwa, ambaye riwaya zake za upelelezi zenye mhusika Joram Kiango zilisomwa nchi nzima, alikuwa mwana wa Kigoma. Alizaliwa 1958, akafariki 2008, na katika maisha hayo mafupi hakuishia kuandika. Alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Riwaya yake ya Dar es Salaam Usiku ikaja kutafsiriwa kwa Kiingereza na kutolewa na mchapishaji wa Kenya. Kitabu kimoja, lugha mbili, nchi mbili. Ulizia wazee wa huko, watakusimulia habari zake. Napenda ujue kwamba njia unayoiulizia ilishakanyagwa na mtu wa mkoa wako.

Sasa tuje kwenye daftari, maana naona ndipo penye kidonda. Umeniambia hela inaingia na hujui inakokwenda. Basi hata ukipata milioni itakwenda hukohuko.

Chukua kaunta buku moja pale steshenari. Fungua laini ya pili au Lipa Namba, na kuanzia leo msomaji yeyote asilipe kwenye ile laini ya unga. Kila simulizi ipe ukurasa wake. Andika umeanza lini, umemaliza lini, bando limekula ngapi, makato ya kutoa hela ngapi, walionunua wangapi, na wamekujia kutoka wapi: Facebook, grupu au kwa kuambiwa na rafiki. Andika na saa ulizokaa kuandika. Hilo la saa usiliruke.

Ngoja nikuonyeshe kwa nini. Tuseme simulizi moja inakuchukua wiki sita, usiku sita kwa wiki, saa mbili kila usiku. Hizo ni saa 72. Ile iliyokuletea 170,000, tukitoa tuseme 30,000 ya bando na makato, inabaki 140,000, sawa na kama shilingi 1,950 kwa saa. Steshenari unalipwa 150,000. Ukiwa pale saa tisa kwa siku, siku 26 kwa mwezi, unapata kama shilingi 640 kwa saa. Umeona? Simulizi iliyokolea inakulipa mara tatu ya mshahara. Lakini ile ya elfu arobaini, ukitoa gharama hizohizo, inabaki elfu kumi, na hiyo ni chini ya shilingi 140 kwa saa. Kalamu ni ileile, na usiku uliokeshwa ni uleule.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama uache kazi, uliza kwa nini ile ilikolea na hii ikadoda. Labda ile ya kwanza uliikatisha mahali pazuri, pale ambapo msomaji hawezi kulala bila kujua. Labda ya pili uliitoa mwezi wa ada, watu hawana hela. Labda waliolipa wengi ni wale wa Oman na Mombasa wanaokumbuka nyumbani, na ile iliyododa haikuwa na harufu ya Kigoma ndani yake. Mimi siwezi kujua kutoka hapa nilipo. Daftari lako litajua baada ya simulizi tatu au nne.

Kazi usiache. Sisemi hivyo kwa kukudharau. Mapato yako yanapanda na kushuka, na mwandishi mwenye njaa husaini karatasi kama hiyo ya Ijumaa. Subiri mpaka daftari lionyeshe kwamba kwa nusu mwaka mfululizo, pamoja na miezi mibaya, kalamu imekuingizia kuliko mshahara, na pembeni una akiba ya kula miezi mitatu. Hapo tutazungumza tena.

Tena hiyo steshenari naiona kama bahati ambayo hujaitazama vizuri. Watu wanaohitaji maandishi wanakufuata wenyewe mpaka mezani. Mtu anakuja kuchapa barua ya kazi aliyoiandika kwa mkono, imejaa makosa, unaichapa ilivyo, analipia ukurasa, anaondoka. Kaa na mwenye duka umwombe mkubaliane: kuchapa ni kwa duka, kutunga na kuhariri ni kwako, au mgawane. Anayekataa moja kwa moja ni nadra, maana wateja wakiongezeka na yeye anafaidi. Kisha bandika ukutani karatasi ya bei: kutunga risala, kuandika CV, kuhariri ripoti, kutafsiri, kutunga tangazo la redio. Bei ikishakaa ukutani, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Na usitazame Mwanga peke yake. Kasulu na Kibondo kuna mashirika yanayoandika ripoti kila kukicha na kutafuta mtu wa kuziweka kwenye Kiswahili kinachoeleweka. Wenye hoteli na wanaopeleka wageni Gombe wanahitaji maelezo ya kuvutia. Kama Kiha unakijua vizuri, kiweke kwenye karatasi yako ya bei, ni watu wachache wanaokiandika. Kazi hizi hazina raha ya simulizi, lakini ndizo zitakazolipa chekechea ili simulizi zisiuzwe kwa shida. Chukua nusu ya malipo kabla hujaanza, nusu nyingine kabla hujatoa faili.

Kuhusu ndugu na majirani nakupa ninavyoamini mimi. Msiba usitoze. Wasifu wa marehemu andika bure na uuandike vizuri kuliko kazi zako zote, maana siku yako ukifiwa watu haohao ndio watakaokaa nawe matangani. Lakini harusi ina kamati, na kamati ina bajeti. MC analipwa, mpambaji analipwa, wa keki, wa muziki, wa picha, wote wamo kwenye orodha ya mhasibu. Ni risala tu ndiyo imeachwa nje, na imeachwa kwa sababu mwandishi wake hajawahi kupeleka bei. Usisubiri kuitwa siku tatu kabla ya shughuli. Ukisikia kamati imeundwa, mtafute katibu, umwambie kwa heshima, "Kaka, risala na mashairi naandaa mimi, gharama ni hii, naomba niingizwe kwenye bajeti." Shemeji wa karibu unaweza kumpunguzia, au ukaiandika bei yote kisha ukasema hiyo ni zawadi yako ya harusi. Na zawadi hiyo itangazwe na MC kama zinavyotangazwa za wengine. Atakayekwambia kipaji ni cha bure, mwambie hata fundi cherehani kajaliwa kipaji, na nguo anakushonea kwa hela.

Kitabu. Milioni tatu kwa nakala elfu moja ni shilingi elfu tatu kwa nakala, na bei inavutia. Ila wewe hununui nakala moja, unanunua elfu, na zinashuka Kigoma kwenye maboksi. Maduka ya vitabu yatakayokubali kuzichukua yatataka punguzo, mara nyingi theluthi ya bei au zaidi, na mengi yatakulipa baada ya kuuza. Zinazobaki zinakaa chini ya kitanda, na mchwa wa huko unawajua. Huku nyuma mkopo unadai kila wiki. Ukikopa kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili uchape kitabu ambacho hakina wanunuzi waliojiandikisha, utakuja kuuza hata hizo haki ninazokukataza kuuza. Hata mkopo nafuu wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake na kutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, si wa kuwekeza kwenye maboksi.

Fanya hivi. Tangaza kwenye grupu kwamba simulizi inayopendwa zaidi inataka kutoka kama kitabu, bei elfu kumi, anayetaka alipie kabisa au atangulize nusu. Wakifika watu sitini na hela ya kuchapia ikatimia, chapa nakala mia kwa mashine za kidijitali. Kila nakala itakuwa ghali zaidi, pengine mara mbili ya ile bei ya kiwandani, lakini hela ya kuchapia itakuwa ya wasomaji wenyewe. Zikiisha unachapa nyingine. Ukifika hapo, tafuta ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ndio wanaotoa hapa nchini. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA na leseni ya halmashauri utavihitaji pia, hasa ukianza kufanya kazi na mashirika, kwa sababu wao hawalipi mtu asiye na TIN na risiti. TIN yenyewe ni bure. Waulize TRA kabisa namna watakavyokukadiria kodi, uweke pembeni mapema.

Muswada mmoja usiuweke grupuni kabisa. Ufiche. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na tuzo za namna hii kwa kawaida hutaka kazi ambayo haijachapishwa popote. Soma masharti ya mwaka husika, upeleke.

Wanaosambaza kazi zako hutawamaliza. Punguza mwanya. Badala ya kumtumia mteja simulizi nzima siku moja, mtumie mafungu kila baada ya siku mbili, na kila fungu liwe PDF yenye jina lake na namba yake ya simu chini ya kila ukurasa. Mtu anaona haya kusambaza karatasi yenye jina lake. Jina lako wewe lisikae mwanzoni tu ambako ni rahisi kukata, liingize katikati ya maandishi. Ikitokea mtu kaisoma kazi yako YouTube bila ruhusa, mtandao huo una fomu ya malalamiko ya hakimiliki, kujaza ni bure, na cheti cha COSOTA kitakupa nguvu. Baada ya hapo rudi kwenye meza yako. Usiku mmoja wa kugombana na mwizi grupuni ni saa mbili za simulizi zimepotea.

Raha haitakufa, mwanangu, kama hutaileta hesabu kwenye meza ya kuandikia. Zitenganishe. Usiku wa kuandika simu ya biashara izimwe, usijibu mteja, usitazame nani amelipa. Chagua siku moja ya wiki, Jumapili jioni kwa mfano, uwe mhasibu na karani wa barua na mkusanya madeni. Kinachoua raha, kwa nilivyowaona wengi, ni kuandika mpaka usiku wa manane kisha kukosa nauli asubuhi.

Mumeo usibishane naye. Kaa naye hiyohiyo Jumapili, mfungulie daftari, mwambie akusaidie kujumlisha. Mwanaume anayesema ufungue genge ana wasiwasi wa chakula cha nyumbani, na wasiwasi huo ni wa haki, kwa hiyo ujibu kwa tarakimu. Mkubaliane pia saa zako ni zipi, ili nyumba ijue kuwa kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tano mama yuko kazini. Na mama yako hebu muulize. Amekaa sokoni miaka mingi, anajua bei hupangwaje na mkopo hudaiwaje. Ukimya wake huenda unasubiri swali.

Kwa huyo kaka, chagua simulizi moja, ile ya zamani iliyokwisha kuuzika grupuni. Mpya usimpe. Mpya ziuze kwanza kwa wasomaji wako mpaka wanunuzi wapungue, ndipo ziende kwenye sauti. Mtumie maneno haya, badilisha utakavyo:

"Habari kaka. Nashukuru kwa kuipenda kazi yangu. Haki zote siuzi, ila niko tayari kukuruhusu kusoma simulizi moja kwa sauti, kwa Kiswahili, kwenye chaneli yako tu, kwa miaka miwili. Malipo ni shilingi 80,000 kabla ya kurekodi. Jina langu litajwe mwanzoni mwa kila sehemu, na namba yangu ya biashara iwekwe kwenye maelezo chini ya video. Haki nyingine zote zinabaki kwangu. Tukienda vizuri kwenye hii, tutaongea kuhusu nyingine."

Akishuka mpaka sitini, sawa, ilimradi muda, jina na namba vibaki. Akisema ni yote au basi, mwache aende, chaneli za sauti ni nyingi na zote zinatafuta hadithi. Akikubali, mwambie aandike mkataba upya, kisha nitumie kabla hujaweka sahihi tuupitie pamoja.

Shangazi